Agizo la katibu: shajara ya kufundisha akili mnemba muhtasari wa kikoba chetu

Wiki ya 12 ya mzunguko, Jumapili usiku

Naanza shajara hii kwa sababu nimechoka. Kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina watu 27. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana barazani kwa mwenyekiti, hapa Morogoro, na huu ni mwaka wa pili ukatibu uko mabegani mwangu. Kikaoni naandika mbio mbio kwenye kaunta buku, halafu Jumapili usiku, wenzangu wakiwa wamelala, nayaandika upya yawe muhtasari unaosomeka. Ni kazi ya saa tatu, siku nyingine nne.

Sasa afisa maendeleo ya jamii wa kata ameomba mihtasari ya vikao vyote vya mzunguko huu. Ana haki. Vikundi kama chetu viko daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na daraja la nne halina maana ya kuendesha mambo kienyeji. Kumbukumbu zinatakiwa. Mimi nina mihtasari saba safi, na vikao vitano vilivyobaki viko kwenye mwandiko ambao hata mimi mwenyewe naukisia.

Mpango wangu ni kutumia akili mnemba ya bure kwenye simu igeuze maelezo yangu ghafi kuwa muhtasari. (Wengine huita akili unde, au AI. Mimi nimeshazoea mnemba.) Kipimo ni kimoja tu: mweka hazina ausome bila kukunja uso.

Jaribio la kwanza. Nimeandika "Andika muhtasari wa kikao cha VICOBA", nikabandika maelezo ya jana, nikabonyeza. Hata chai sijaikoroga, ukurasa mzima umejaa. Umepangika kweli kweli. Nikaanza kusoma.

Kikao kimefunguliwa kwa sala. Jana hatukuomba, mvua ilikuwa inatupiga, tukaanza kwa kusogeza viti. Wajumbe "waliazimia kwa kauli moja" kuongeza faini. Hatukuazimia chochote, tulizozana hadi mwenyekiti akaahirisha hoja. Mwishoni kuna aya ya kumshukuru mgeni rasmi. Mgeni rasmi! Barazani kwetu mgeni wa pekee ni kuku wa jirani.

Nimekwenda kulala.

Wiki ya 12, Jumatatu

Nimeamka nikiwa na hasira na mashine, hadi kufika mchana hasira imenigeukia mimi.

Modeli ya lugha, yaani mashine ya aina hii, imejengwa kuendeleza maandishi. Inatazama yaliyokwisha andikwa na kukisia kipande kinachofuata, kisha kingine, kisha kingine. Bila shaka imepitishwa kwenye mihtasari mingi, na katika mihtasari sala ni jambo la kawaida, kauli moja ni ya kawaida, na mgeni rasmi hakosekani. Mimi niliacha mapengo, yenyewe ikayaziba kwa mambo ya kawaida. Mtu akifanya hivyo tunasema kapika taarifa. Lakini mpishi huyu nimempa jiko na sufuria, sikumwambia anapika nini.

Agizo langu lilikuwa la maneno sita. Ningemwita katibu wa kikoba cha mtaa wa pili, nikampa daftari langu na maneno yale sita, naye angeandika kuna sala.

Wiki ya 13

Toleo la pili na la tatu la agizo.

Nimeanza na mpangilio. Muhtasari wetu una vichwa vyake, na havibadiliki: Mahudhurio, Kufungua kikao, Yatokanayo na kikao kilichopita, Hisa, Mfuko wa jamii, Marejesho, Mikopo mipya, Faini, Mengineyo, Kufunga kikao. Nimeviandika vyote kwa mfuatano, nikasema visiongezwe wala kupunguzwa. Hilo limefanya kazi mara moja, wala sina la kusimulia.

Kupika ndiko kulikonisumbua. Niliandika "Usibuni kitu chochote", kwa herufi kubwa. Ikapunguza, haikuacha. Chini ya Mengineyo, siku ambayo hakukuwa na mengineyo, ikaandika kwamba wajumbe walihimizana kuhudhuria kwa wakati. Nilipoitafakari nikaona sababu: nimetoa kichwa cha habari kinachodai kujazwa, kisha nimekataza kukijaza. Sikutoa njia ya tatu.

Njia ya tatu ni hii: "Kama jambo halimo kwenye maelezo yangu, andika HAIKUTAJWA chini ya kichwa hicho, na usiongeze neno." Tangu mstari huo uingie, mgeni rasmi hajaonekana tena. Nikiona HAIKUTAJWA najua mambo mawili yanawezekana, ama halikuwepo, ama mimi nilisahau kuliandika. Mara mbili wiki hii ilikuwa ni mimi.

Wiki ya 14

Wiki ya maneno. Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Katika maelezo ya kikao mwenyekiti alikumbusha kwamba "tunavunja Desemba, kila mtu amalize marejesho mapema". Muhtasari ukatoka na sentensi kwamba kikundi kitavunjwa mwezi Desemba, na wajumbe wametakiwa kulipa madeni kabla ya kikundi kusitisha shughuli. Hebu fikiria karatasi hiyo ifike mezani kwa afisa wa kata! Kwetu kuvunja ni sherehe. Ni siku ya kugawana akiba na faida, watu wananunua mabati, ada za Januari zinatengwa, anayetaka kujenga anajenga. Mashine imesoma neno kama lilivyo kwenye kamusi, na kwa kamusi haijakosea.

Kisha viporo. Mtu asiyemaliza kulipa faini ya wiki iliyopita, sisi husema ana kiporo. Nilikuwa nimeandika "M. viporo 2, amelipa kimoja". Ikanipa, chini ya Mengineyo, taarifa ya mjumbe mmoja kulipia chakula kilichobaki. Nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Mfuko wa jamii nao ulikuwa unageuka "mchango kwa jamii", kama vile tunatoa msaada mtaani, kumbe ni ile Sh 1,000 ya kila wiki ya kusaidiana sisi kwa sisi kwenye msiba na ugonjwa.

Na saa. Maelezo yangu yanasema tulianza saa nane mchana tukafunga saa kumi na nusu. Nilipoomba jedwali juu ya muhtasari, likaja na 8:00 AM na 10:30 AM. Kwa hiyo kikao chetu cha mchana kimehamia asubuhi, wakati nusu ya wajumbe wako sokoni. Hapa sina la kuitetea mashine zaidi ya kusema kwamba sehemu kubwa ya maandishi iliyofundishiwa ni ya Kiingereza, ambako saa za mchana hazihesabiwi kuanzia kuchomoza kwa jua kama zetu. Anayefanya kazi hii kwa Kiswahili asiliache jambo hili kwa bahati. Ratiba ya sindano za kliniki ikigeuzwa hivyo, haitakuwa kichekesho.

Toleo la tano sasa lina sehemu inayoitwa Maneno yetu:

"Kuvunja ni kugawana akiba na faida mwisho wa mzunguko, kikundi kinaendelea. Kiporo ni faini au hisa ya nyuma ambayo haijalipwa. Mfuko wa jamii ni mfuko wa wanachama wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa. Saa zote ni za Kiswahili: saa nane mchana ni 14:00. Ziandike kwa Kiswahili kama nilivyoziandika, usizigeuze."

Kuna jambo dogo nililoligundua nikiandika sehemu hii. Nilitaka kueleza "dharura" nikashindwa. Mkopo wa dharura kwetu ni nini hasa? Ugonjwa, ndiyo. Ada ya shule? Tuliwahi kuruhusu, tukawahi kukataa. Nimeacha nafasi wazi.

Wiki ya 15

Aibu.

Nilikuwa nimeipa mashine hisa za kila mtu, ikajumlisha. Hisa yetu moja ni Sh 5,000, na mtu hununua kuanzia moja hadi tano kwa wiki. Nikasoma muhtasari kikaoni kwa sauti: jumla ya hisa za wiki iliyopita, Sh 365,000. Mweka hazina akanyanyua kichwa.

"Dada Katibu, elfu tano yangu imeenda wapi?"

Baraza lilinyamaza kimya ambacho kila mwanakikoba anakijua. Tulifungua sanduku, kufuli zote tatu, na kuhesabu vitabu vya wanachama mhuri kwa mhuri, kila hisa mhuri mmoja. Hisa zilikuwa 74, na mara 5,000 ni Sh 370,000. Fedha zote zilikuwepo. Kosa lilikuwa la karatasi yangu. Lakini kwa dakika 20 watu wazima walikuwa wanamtazama mweka hazina kwa namna ambayo hakustahili, na chanzo ni mimi.

Nilipofika nyumbani nikaelewa tatizo. Modeli ya lugha inapotoa jumla hivi hivi tu, inakisia namba inayofuata kama inavyokisia neno linalofuata. Namba ndefu inakatwa vipande kabla hata haijasomwa. Mara nyingi inapatia, na hapo ndipo hatari ilipo, maana ingekosea kila siku nisingeiamini. Yapo matoleo yanayoweza kuendesha programu ya hesabu pembeni, lakini sina namna ya kujua kila mara kama yameitumia.

Uamuzi: haijumlishi tena. Niliiomba kitu kimoja tu cha hesabu, inieleze fomula ya lahajedwali, ile programu ya majedwali ya hesabu kwenye simu, ikanipa =SUM(C2:C28), mistari 27 ya watu 27, na hiyo naweza kuikagua kwa macho. Jumla naitoa huko, naiandika kwenye maelezo. Agizo limeongezwa: "Nakili namba kama zilivyo. Usijumlishe, usikadirie, usirekebishe hata kama unadhani nimekosea. Ukidhani nimekosea, niambie mwishoni, nje ya muhtasari."

Jumatatu nilimpelekea mweka hazina ndizi mkono mzima. Amezipokea, lakini bado ananiita Katibu bila dada.

Wiki ya 16

Kijana wa stationery ananiuzia faili la "prompti 500 za kutajirika", yaani maagizo kama haya yangu, Sh 10,000. Alinifungulia mbili tatu nizione. Karibu zote zinaanza na "Wewe ni mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka 20 katika…". Nimejaribu kwangu: "Wewe ni katibu mahiri mwenye uzoefu wa miaka 20". Matokeo: sentensi zimerefuka, "kwa heshima na taadhima" imeingia mara mbili, na usahihi uko pale pale. Cheo kinabadilisha sauti. Hakimwambii mtu kuvunja maana yake nini.

Nilijaribu pia kuandika agizo zima kwa Kiingereza huku maelezo yakibaki ya Kiswahili, kwa kuwa nimesikia watu wengi wakishauri hivyo. Kwangu masharti yalifuatwa vizuri kidogo zaidi. Kiswahili ndicho kilichoharibika: "kikao kilichukua nafasi siku ya Jumamosi", "wajumbe walifanya uamuzi wa kuja na faini". Nimerudi kwenye Kiswahili. Akina bibi barazani wangeniuliza kikao kilichukua nafasi ya nani.

Sikununua faili.

Wiki ya 17

Hatua kubwa, na ni ya kizamani. Badala ya kueleza muhtasari mzuri ulivyo, nimeuonyesha. Nimechukua muhtasari wangu bora kati ya ile saba, nikaweka maelezo ghafi ya kikao hicho juu yake na muhtasari wenyewe chini, nikasema: "Hivi ndivyo maelezo yanavyogeuka muhtasari. Fanya vivyo hivyo kwa maelezo mapya."

Jambo hili si ugunduzi wangu. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya OpenAI walipoeleza GPT-3, modeli yao ya lugha yenye vigezo (namba za ndani inazojifunza) bilioni 175, hoja yao kuu ilikuwa hiyo: ipe mifano michache ndani ya agizo lenyewe, nayo itaishika kazi bila kufundishwa upya. Nilikuwa nimelisoma, sikuliamini kwa Kiswahili. Mfano mmoja umenipa lugha ambayo aya nne za maelekezo hazikuipata. "Kilichukua nafasi" imekufa, sasa inaandika "kilifanyika", na hata ufupi wa sentensi umekuwa wangu.

Dosari ikaja nayo. Kwenye mfano kuna mtu alitozwa faini ya Sh 2,000 kwa simu kuita kikaoni. Muhtasari mpya ukatoka na faini ya Sh 2,000 kwa simu, wakati Jumamosi hiyo hakuna simu iliyoita. Imenakili mfano pamoja na tope lake. Nimeufuta majina na namba zote, nikaweka [MJUMBE] na [KIASI], kisha nikatenga mfano na maelezo mapya kwa mistari ya alama, ###, ili ijue wapi mfano umeisha na wapi kazi imeanza. Tangu hapo haijarudia. Mfano wa pili nimeuongeza, wa kikao kifupi, kwa sababu na ule mmoja kila muhtasari ulikuwa unalazimishwa kufikia urefu wake.

Wiki ya 18

Bibi anayeshika ufunguo wa pili aliniita pembeni baada ya kikao. Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba, kisha moja kwa moja:

"Mjukuu wangu, hiyo mashine unayoiandikia, deni langu sasa liko wapi?"

Nikaanza kueleza seva, zile kompyuta za mbali zinazopokea ninachoandika. Akanisubiri nimalize.

"Kwa hiyo liko kwa watu tusiowajua."

Ndiyo, bibi. Miezi miwili karibu nilikuwa nabandika majina ya watu, madeni yao, na siku moja hata sababu ya mkopo, ambayo ilikuwa ugonjwa wa mtoto. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na mimi katibu, mtu wa kumbukumbu, sikuwahi hata kuiwazia kikoba. Bibi hajaisoma sheria na ameifikia kwa swali moja.

Nimefuta mazungumzo yote ya nyuma kwenye simu. Kila mjumbe sasa ni namba ya kitabu chake, M01 hadi M27, na sababu za mikopo haziingii kabisa. Majina narudisha mwenyewe nikinakili kwenye karatasi. Inaniongezea robo saa. Nilimweleza bibi, akasema sawa, lakini namba yake nisiwape watu.

Wiki ya 19

Msiba kwa mjumbe wetu. Jumamosi tulikuwa huko, mfuko wa jamii ukafanya kazi yake. Mradi umelala.

Wiki ya 20

Nimekamata ugonjwa mwingine. Kwenye rasimu niliona M14 kalipa marejesho Sh 30,000. Sikukumbuka, nikauliza: "Una uhakika?" Ikaomba radhi haraka haraka, ikasema nipo sahihi, ni Sh 20,000. Nikafungua daftari: 30,000. Ilikuwa imepatia, ikaliacha jibu sahihi kwa sababu nimeonyesha shaka. Ni kama yule karani kijana ambaye bosi akikohoa tu anafuta alichoandika.

Siulizi tena "una uhakika". Nauliza: "Nionyeshe mstari wa maelezo yangu uliotoa kiasi hiki, uunakili neno kwa neno." Hapo haina pa kujipendekeza. Mstari upo au haupo.

Hilo limenifanya nigawe kazi yote mara mbili. Ombi la kwanza: toa orodha ya mambo yaliyomo, kila jambo na mstari lilikotoka. Naipitia kwa kalamu na daftari, dakika kumi. Ombi la pili: kutokana na orodha hii pekee, andika muhtasari. Zamani nilitaka yote kwa mkupuo, na makosa yalikuwa yanajificha ndani ya sentensi nzuri. Kwenye orodha kosa halina nguo.

Na kila kikao kinapata mazungumzo mapya. Nilikuwa naendeleza yale yale wiki hadi wiki, faini za wiki ya 16 zikawa zinazukia wiki ya 18.

Wiki ya 21

Vile vikao vitano vya zamani.

Njia ya mkato ilikuwa kupiga picha kurasa za daftari. Nimejaribu mbili. Kwenye mwandiko wangu wa Jumamosi tarakimu 1 ina kichwa kirefu, na 15,000 imesomwa 75,000. Ningeweza kubishana na picha mchana kutwa. Nimeacha, nikakaa na daftari na kuyachapa mwenyewe kwa vidole viwili, kisha nikaendesha maombi yangu mawili. Vikao vinne vimekamilika ndani ya jioni mbili, na jumla zote nimezilinganisha na vitabu vya wanachama.

Cha tano ni kile ambacho daftari lililowa. Nusu ukurasa ni wino uliotawanyika. Muhtasari wake umetoka na HAIKUTAJWA saba kati ya vichwa kumi. Nilikaa nao muda mrefu. Najua kwa sehemu kubwa kilichotokea siku ile, ningeweza kujaza kwa kumbukumbu, na mashine ingeweza kujaza kwa ufasaha kuliko mimi. Nimeuacha hivyo hivyo, nikaandika kwa mkono chini: daftari liliharibiwa na mvua, hisa na marejesho yathibitishwe kwenye vitabu vya wanachama.

Wiki ya 22

Nilimwomba mwenyekiti dakika chache za Mengineyo nisome agizo lenyewe mbele ya kikao, toleo la kumi na moja. Nilifikiri watapiga makofi tuendelee. Hivi ndivyo lilivyosomwa, bila ile mifano miwili:

"Utapokea maelezo ghafi ya kikao cha kikoba chetu, yaliyo kati ya alama ###. Wajumbe wanatajwa kwa namba za vitabu, usiwape majina. Kwanza toa orodha ya mambo yote yaliyomo, kila moja na mstari lilikotoka. Usiandike muhtasari mpaka nikuambie. Nikikuambia, tumia orodha hiyo pekee na vichwa kumi nilivyokupa kwa mfuatano wake. Kisichotajwa kiandike HAIKUTAJWA. Namba nakili kama zilivyo. Mabishano yaandikwe kuwa mabishano, na uamuzi uandikwe pale tu ulipofanywa. Sheria zetu: hisa moja ni Sh 5,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Faini ya kuchelewa ni Sh 1,000 kwa anayefika baada ya saa nane na robo."

Sikufika mbele.

"Saa nane na robo imetoka wapi?" akauliza M09. Nikasema ndivyo tunavyofanya. M22 akasema sivyo, faini inaanza majina yakishaitwa. Mweka hazina akasema katiba inasema saa nane kamili, na kwamba yeye amewahi kutozwa saa nane na dakika tano. Mwenyekiti akasema tuchukue katiba sandukuni. Katiba inasema, na nainakili: "baada ya kikao kufunguliwa." Kikao hufunguliwa na mwenyekiti. Mwenyekiti wiki ya 17 alifika saa nane na dakika 40.

Sitaandika kicheko kilichofuata.

Ilichukua nusu saa. Nimeona watu ambao huwa hawasemi lolote kwenye taarifa ya mapato wakisimama kwa ajili ya mstari mmoja wa agizo la mashine. Uamuzi, kwa kunyoosha mikono, 19 dhidi ya 4: saa nane na robo kwa saa ya simu ya mweka hazina, mwenyekiti akiwemo. Watu wakaanza kuuliza na mengine. Dharura ni nini, Katibu, hapo umeandika nini? Nikawaambia nimeacha wazi tangu wiki ya 14. Imewekwa kwenye ajenda ya Jumamosi ijayo, na M09 amepewa kazi ya kukusanya mifano ya mikopo ya dharura tuliyowahi kutoa na kukataa.

Wiki ya 23, Jumanne

Jumamosi dharura ilichukua saa nzima, na imepata mistari mitatu: ugonjwa, msiba, na ada kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani, si ada kwa ujumla. Toleo la kumi na mbili. Maneno "si ada kwa ujumla" ni ya M09, nimeyaingiza kama alivyoyasema.

Muhtasari wa kikao hicho umenichukua dakika 50, pamoja na kurudisha majina na kulinganisha namba. Kwa afisa wa kata nimepeleka yote ya nyuma, pamoja na ule wa mvua. Ameuliza kuhusu zile HAIKUTAJWA, nimemwonyesha daftari lenyewe, amegonga mhuri.

Mweka hazina amesema jambo moja baada ya kikao: nikisafiri, nani atajua kuiendesha? Ametaka agizo lichapwe na likae sandukuni na katiba, na mtu asibadilishe mstari bila kikao kujua. Nimelichapa leo kwa yule yule kijana wa stationery, kurasa mbili na mifano. Akalisoma lote akiwa amesimama kwenye printa, akaniuliza nauza bei gani.

Sanduku halifunguliwi hadi Jumamosi, na funguo ziko nyumba tatu. Karatasi nimeiweka katikati ya kaunta buku, na kaunta buku ndani ya mfuko wa nailoni.